Nani Anaangalia Mtu Amekaa?

Kama umejifungua, na sasa ukilala chali unakosa pumzi mpaka unaamka na kukaa, nakuomba uache unachofanya usome hapa. Mimi si daktari. Nilisoma mpaka darasa la saba, na majina ya dawa zangu mpaka leo nayatamka vibaya, wauguzi wananicheka. Lakini niliugua moyo nikiwa na mtoto mchanga na bado nipo. Nilichelewa kujua jambo moja dogo, na kuchelewa huko nusura kuniue.

Hawa nilimzaa Nachingwea, watu wakiwa mashambani wanaokota korosho. Nilijifungua salama. Mume wangu Issa alikuwa fundi redio pale sokoni, na tangu siku ile alitaka aitwe Baba Hawa hata na wateja wasiomjua. Arobaini ilipokwisha miguu yangu ikaanza kuvimba. Jirani yetu Bibi Tunu, mzee wa Kimwera mwenye mdomo, alinibonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Maji ya uzazi hayo," alisema. "Yatatoka."

Hayakutoka. Mvua zilipokolea nilikuwa nalala nimeegemea mito, kisha magunia, mwisho nikawa silali tena. Nilikaa kitandani nimeinama mbele, Hawa pembeni analilia ziwa, nami siwezi hata kumnyanyua. Issa alikuwa akinitazama anavyotazama redio iliyozima ghafla, hajui aanze kufungua wapi. Wiki nzima tuliambiana kesho nitaamka nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulikuwa tunamfichia nani sijui.

Hospitali tuliyokwenda ni ya misheni, mbali na mjini. Pale kwenye benchi la kusubiri kila mama alikuwa na mtoto kifuani isipokuwa mimi. Wangu alikuwa nje na dada yangu Somoe, kwa sababu akilia mimi nakohoa. Maziwa yalinitoka yakalowesha gauni, nami sina nguvu ya kujifunika vizuri. Mama aliyekaa pembeni yangu akanitupia kanga yake kifuani. Sikupata kujua jina lake, lakini namwombea mpaka leo.

Daktari aliniambia moyo umetanuka na umechoka kusukuma. Wapo wanawake ambao hali hii huwapata baada ya kuzaa, akasema, na wengine hupona. Alisema "wengine" akiangalia karatasi zake, na mimi nilisikia. Nikalazwa. Nilipewa vidonge vya kukojoza, nikakojoa mpaka nikaona magoti yangu tena. Kitanda cha pembeni yangu alikuwepo msichana wa Mbekenyera mwenye ugonjwa kama wangu, na yeye kajifungua mwezi ule ule. Tulikuwa tunataniana nani ana miguu mizuri. Asubuhi moja nilirudi kutoka kuoga nikamkuta mama yake anakunja kanga, kitanda kitupu. Niliogopa tangu siku hiyo, na sikuacha kuogopa kwa muda mrefu sana.

Somoe akamchukua Hawa kwenda naye kijijini kwake Nkowe. Somoe ni dada yangu wa tumbo moja, na Mungu hakumjalia mtoto. Kwetu sisi mtoto wa ndugu yako wa kike ni wako, hakuna atakayesema umempa mtu. Kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Mjini minong'ono ilishaanza, maana miaka ile mwanamke akiacha kunyonyesha watu walikuwa na jibu lao moja tu, ukimwi.

"Siku ukiweza kumbeba, njoo umchukue," dada alisema akimfunga mgongoni.

"Kumbeba mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani. Siwezi kukupa mtoto uanguke naye."

Nyumba ya dada ipo bondeni, na barabara ya magari ipo juu, unapanda kilima kirefu chenye mawe. Nilikijua tangu utoto. Kuanzia siku ile ugonjwa wangu wote ukawa kilima kile.

Wodini alikuwepo mtaalamu wa mazoezi, Sista Agnesi, mwanamke mrefu asiyependa kuharakishwa. Alikuwa ananishika mkono, nasimama, nakaa. Nasimama, nakaa. Nikishakaa ananiuliza habari za nyumbani: mume anafanya kazi gani, Nkowe kuna nini, mboga gani naipenda. Nilimwona mpenda stori tu. Nilikuwa najibu harakaharaka ili tuendelee.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani aliniambia mazoezi yale niendelee nayo kidogokidogo, na kwamba yeye anaondoka kwenda masomoni, atarudi kiangazi. Hapo ndipo Issa alipopata wazo. Ukiwa mke wa fundi redio utazoea: hakuna shida duniani isiyotibika kwa waya. Kabla Sista hajaondoka alimchukua rafiki yake Kizito, mpiga video wa harusi na unyago pale Nachingwea, wakaenda hospitali na kamera kumwomba awaonyeshe mazoezi yote, hata ya mbele, nitakayoyafanya nikishapata nguvu. Mimi nilibaki nyumbani. Sista alikubali, akaonyesha mchana kutwa.

Kizito alikuwa na kompyuta, kitu ambacho watu wa mjini kwetu walikuwa wanakwenda kukitazama tu. CD ilipokuja ilikuwa nzuri, lazima niseme. Imeandikwa MAZOEZI YA MAMA HAWA kwa herufi zinazozunguka, maua yanamwagika, kisha anatokea Sista Agnesi na muziki wa harusi wa kasi. Anasimama, anainua mikono, anachuchumaa, anapanda kijingazi, anashuka, anapanda. Sehemu nzuri zimerudiwa mara mbili. Hatoki jasho, wala hahemi.

Nilisema moyoni, kumbe yale ya wodini yalikuwa ya mgonjwa. Haya ndiyo ya kupona.

Issa alileta luninga ya mteja ambaye hakuja kuichukua, na deki aliyoitengeneza mwenyewe. Sasa wewe weka luninga inayocheza muziki sebuleni alasiri, mlango wazi, halafu utegemee kubaki peke yako. Siku ya kwanza walichungulia watoto. Siku ya pili mama zao. Baada ya hapo kila siku kulikuwa na wanawake wamefunga kanga viunoni wanapanda na kushuka vizingiti vyangu, wanacheka, wanasukumana. Mmoja alikuja kwa sababu mumewe kamwambia amenenepa, mwingine kwa sababu mumewe kamwambia amekonda. Mtaa mzima ukawa unafanya mazoezi ya ugonjwa wangu.

Nilifurahi, sisemi uongo. Waliokuwa wanapita mbali na mlango wangu kwa ajili ya minong'ono, sasa wanagombea nafasi ya kusimama karibu na mimi. "Mama Hawa, mgonjwa gani wewe unatushinda sisi?" walisema, nami kichwa kikavimba kabla ya miguu. Siku Bibi Tunu alipokaa chini katikati ya muziki, walimcheka mpaka akasonya. Nikaona hapa mwenye nyumba hawezi kukaa. Tena Sista mwenyewe hakai, mimi nikae nina nini?

Kifua kilikuwa kinabana. Nikavumilia, si ndiyo mazoezi?

Wakati wa kuvuna ufuta nilimwomba Issa anipeleke Nkowe nikamwone mtoto. Tulishuka bondeni polepole. Hawa alikuwa anatambaa. Nilimnyooshea mikono, akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu wa kuchanja chanjo, akageuka, akaingia kwenye gauni la dada analia. Dada alimbembeleza huku ananitazama, na sikuona furaha machoni pake, lakini sikuona huzuni pia.

"Kulea mimba si kazi," alisema, "kazi kulea mwana."

Nilijua ananichoma. Nilijua pia kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyekesha. Wakati wa kurudi Issa alinisukuma kilimani kwa mikono miwili mgongoni, na nilifika juu naona giza. Njia nzima nililia. Nilimwambia, "Nikichelewa huyu mtoto simpati tena." Yeye akajibu tuongeze mazoezi, CD tuipige mara mbili kwa siku. Nami nikakubali, tena kwa moyo wote.

Pete ilianza kunibana. Nikaivua, nikaiweka kabatini. Ndala zilianza kuacha alama mguuni. Mito ilirudi mmoja mmoja, nami nikamwambia Issa ni shingo tu inaniuma. Kadiri nilivyovimba ndivyo nilivyozidi kupanda na kushuka, kwa sababu niliamini navimba kwa uvivu. Ningemwuliza nani? Hospitali mbali, Sista hayupo, na kwenye luninga anaonekana kila alasiri yuleyule, mzima, hakai.

Ilikuwa majira ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wanawake walikuwa wengi sebuleni, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Tulikuwa kwenye kijingazi. Nilikohoa, nikaona kwenye kiganja povu la rangi ya waridi. Nikapanda tena. Nilipotaka kushuka sikuuona mguu wangu ulipo, nikaenda na ukuta mpaka chini. Kwanza walicheka, wakadhani natania. Nilitaka kusema "niinueni", mdomo ukafunguka, hakuna hewa ya kutoa neno. Watu wakaanza kupiga kelele kumwita Issa, na hakuna aliyekumbuka kuzima deki. Nikiwa sakafuni nilimwona Sista Agnesi juu yangu anapanda, anashuka, anapanda.

Nilipelekwa kwa pikapu ya mfanyabiashara, juu ya mifuko ya salfa. Issa alinikumbatia nikiwa nimekaa, kila nikitaka kulala ananikatalia. "Usilale, Mama Hawa. Usilale." Nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu, kwamba yule mtoto hatakumbuka hata sura yangu.

Waliniweka kwenye hewa ya mtungi. Siku nilizokaa nayo puani siwezi kuzieleza, kwa sababu kila pumzi ilikuwa kazi na mtu akiwa kazini hatazami pembeni. Nilipoanza kuongea daktari aliniuliza nimekuwa nikifanya nini. Nikamwambia mazoezi, kama nilivyoagizwa. Akakunja uso. Issa, masikini, akatoa CD mfukoni kwa fahari kabisa. Alikuja nayo ili waone kwamba hatukuzembea.

Sista Agnesi alikuwa amesharudi. Deki pekee ya hospitali ilikuwa kwenye chumba cha kusubiri, ile ya mafunzo ya lishe. Nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka pale. Maua yakamwagika, muziki ukaanza, na wagonjwa waliokuwa wamesinzia kwenye mabenchi wakaamka wakaanza kupiga makofi. Mzee mmoja mwenye bandeji alitingisha bega. Sista alitazama, mikono mfukoni, mpaka mwisho. Akasema irudishwe mwanzo. Akatazama tena.

"Baba Hawa," alisema, "mimi humu nimekaa wapi?"

Issa hakuelewa.

"Nilikaa. Kila nikifanya mara chache nilikaa kwenye kiti, nikatulia, nikaendelea. Siku ile nilikaa kuliko nilivyosimama. Kiti changu kiko wapi?"

Akanigeukia mimi. "Wodini nilikuwa nakuuliza habari za mboga. Ulidhani nataka kupika? Nilikuwa nasikiliza kama pumzi imerudi. Mtu wa moyo haanzi tena mpaka aweze kusema maneno yake yote bila kukatika."

Wale wa kwenye mabenchi wakawa wanatutazama sisi badala ya luninga.

Issa alimleta Kizito wodini kesho yake. Alikuja amevaa miwani ya jua, akaiweka kichwani. "Shemeji, pole sana," alisema. "Lakini kazi niliifanya safi. Yule mama alikuwa anakaa, anakaa, anakaa tu. Mimi harusini nikiweka watu wamekaa, mwenye shughuli ananirudishia CD yangu. Nani anaangalia mtu amekaa?"

Nilitaka kumtukana, pumzi haikutosha. Huo ndio ukweli, tusi lilikuwepo tayari mdomoni likakosa usafiri. Nililia badala yake. Ndipo Sista akamshika bega akampeleka pembeni, akamweleza polepole moyo wangu ulivyofanywa na kile alichokikata. Nilimwona Kizito akiishusha ile miwani kutoka kichwani, anaikunja na kuikunjua. Kisha akarudi kitandani kwangu.

"Kanda yenyewe ninayo," alisema. "Sikuifuta."

CD ya pili haikuwa na maua wala muziki. Ndani yake Sista anasimama mara chache, kisha anakaa. Na anapokaa, anakaa kweli. Anatazama mikono yake. Kuku anapita nyuma yake, anarudi. Mtu mmoja kwa mbali anachota maji. Unasikia upepo kwenye kipaza sauti cha kamera. Wewe unasubiri, unaona mbona haamki, na kifua chako kikiwa kimeshatulia ndipo anaposimama. Niliporudi nayo nyumbani wanawake wa mtaani walikuja siku ya kwanza, wakatazama, wakatazamana. Siku ya pili wakaaga wana kazi mashambani. Bibi Tunu peke yake ndiye aliyebaki.

"Haya ndiyo mazoezi ninayoyaweza," alisema, akajiwekea kiti.

Tukawa wawili. Tukikaa ananipigisha soga, nami namjibu, na nikishindwa kumalizia sentensi ananikatalia kuinuka hata Sista wa kwenye luninga akiwa ameshasimama. "Maliza kwanza habari yako," anasema. Nilikuwa namchukia dakika ileile ninayomshukuru. Nilitaka kwenda mbio, nina mtoto anayekua kwa mtu mwingine, na dawa yangu ni kukaa. Hakuna kitu kigumu kama hicho, wewe unayesoma, usije ukadanganywa. Kupanda ngazi na kifua kinabana ni rahisi kuliko kukaa kwenye kiti huku unajua mwanao anajifunza kutembea bila wewe.

Korosho ziliokotwa, mvua zikaja, zikaisha. Kliniki nilikuwa naenda kila mwezi, benchi lilelile. Vidonge vikapunguzwa. Mito ikapungua mpaka ukabaki mmoja. Siku moja nikaitoa pete kabatini ikaingia kidoleni yenyewe, nikamwita Issa aje aone, akaushika mkono wangu na kuugeuzageuza mpaka nikamwambia basi.

Ufuta ulipokaa tayari kuvunwa tena, Sista Agnesi alinisikiliza kifua, akaniuliza habari za Nkowe, nikamweleza yote bila kusimama. Akaandika kwenye karatasi yangu. "Nenda," alisema.

Tulikwenda. Dada Somoe alikuwa anapepeta. Hawa, mtoto wa kutembea na kuongea, alinisalimia shikamoo kama anavyosalimiwa mgeni, nikaitikia marahaba. Tulikula. Hakuna aliyegusia lililotuleta mpaka dada alipoosha mikono.

"Ahadi ni ahadi," alisema. "Mbebe."

Alimfunga Hawa mgongoni kwangu yeye mwenyewe, akakaza kanga. Mtoto alikuwa mzito, na alikuwa amejikaza kwa woga. Majirani wa dada walitoka milangoni. Issa alitaka kunishika kiwiko, nikamkatalia. Nikaanza kupanda, dada nyuma yangu. Nilisikia hatua zake karibu sana, amekaa mkao wa kumdaka mtoto.

Kabla ya nusu ya kilima kifua kikaniambia. Nilikijua sasa, nilijua lugha yake. Nikatazama juu barabarani, nikatazama wale waliokuwa chini milangoni. Nikikaa hapa, nilifikiri, dada atasema umeona? Miguu iliniambia jikaze, pamebaki kidogo. Nilikuwa nimejikaza mwaka uliopita.

Nikakaa. Juu ya jiwe, katikati ya njia, mbele ya watu wote, na mtoto mgongoni.

"Umechoka," dada alisema. Hakuuliza.

"Sijachoka. Napumzika."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyechoka haendelei. Niulize kitu."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Niulize ufuta bei gani, niulize mama alikuwa anatupikia nini siku za njaa."

Alinishangaa. Kisha akaniuliza hilo la mama. Nikamweleza ming'oko, ile mizizi ya porini, jinsi mimi na yeye tulivyokuwa tunaichimba, jinsi yeye dada alivyokuwa ananipa ile minene na kusema hapendi. Mwanzoni maneno yalikuwa yanakatika. Nikaendelea mpaka yakaacha kukatika. Dada alikuwa amegeuza uso upande wa mashamba. Mgongoni nikahisi Hawa amelegea, ameweka shavu.

Nikainuka. Mara ya pili nilikaa karibu na juu, na safari hiyo dada alikaa na mimi. Tulipofika barabarani nilikuwa nahema kama anavyohema mtu yeyote aliyepanda kilima. Dada alihema zaidi. Alimshusha mtoto, akamkung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akamwekea Issa kifurushi cha nguo. Kumbe alikuja nacho kutoka chini, kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi.

Gari lilionekana kwa mbali. Hawa akaliona, akaogopa, akaita, "Mama!"

Tuliitika wawili kwa pamoja, mimi na dada.

Mtoto akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Dada Somoe akaziba mdomo kwa upande wa kanga, akarudi nyuma hatua, akaniashiria kwa kichwa niitike tena, peke yangu.